Chini ya Paa la Mkwe

Mwaka huu, mvua kubwa ikiwa haijakatika, tulimzika shemeji yangu Ofwono kule Nabuyoga. Nilitoka Busia mapema, nikapewa kiti cha plastiki chini ya hema, karibu kabisa na spika, mahali ambapo mtu wa umri wangu hasikii maneno, anasikia kelele tu. Kijana mmoja wa ukoo alisoma maisha ya marehemu: alikozaliwa, alikosoma, jinsi kiwanda cha pamba kilivyompeleka Uingereza kujifunza mashine, jinsi alivyorudi akawa Mwafrika wa kwanza kuzisimamia pale kiwandani, watoto aliowazaa, kanisa alilosaidia kuliezeka. Kuhusu dada yangu alisema kwamba marehemu aliwahi kuwa na mke mwingine, aliyefariki zamani. Basi. Hata jina hakulitaja. Mtoto wa huyo mke, Edina, alikuwa anatazama mazishi kutoka Kanada kwenye simu iliyoinuliwa juu na mpwa wake, na picha ilikuwa inakwama kila mara, kwa hiyo sijui kama alilisikia hilo. Kisha akasimama diwani, akasema Mzee Ofwono alikuwa mtu wa utandawazi kabla sisi wengine hatujalijua neno lenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia mama aliyekaa jirani yangu kwamba huyo diwani hajui anachokisema. Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, na simlaumu, maana uzee umenipa miguu inayovimba na mdomo usiofungika.

Lakini nilikuwa na sababu ya kukasirika. Neno utandawazi nililisikia nikiwa tayari na wajukuu. Kitu chenyewe nilikifahamu nikiwa na miaka kumi na sita, hapo Tororo, katikati ya miaka ya sitini, na kilikuwa na vyumba viwili, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kilinichukulia dada. Aliitwa Nafula, alikuwa mrefu kuliko mimi, alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, na kwa kuwa pale hemani hakuna aliyemtaja, nitamtaja mimi hapa.

Nilipelekwa kwake kwa sababu alikuwa na mimba ya kwanza na ilikuwa inamtesa miguu na mgongo. Nyumba za mafundi zilikuwa upande wa barabara ya Mukuju, mistari mitatu ya nyumba zilizofanana kiasi kwamba wiki ya kwanza niliingia kwa watu nikiwa na ndoo ya maji kichwani, nikaitua, ndipo nikaona kwamba viti si vyetu. Kila nyumba ilikuwa na sebule, chumba cha kulala, ua mdogo uliosakafiwa kwa saruji, na jiko la mabati mwisho wa ua. Shemeji alituambia kwa fahari kwamba ramani yake ilichorwa Uingereza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelala huko katika nyumba ndugu ya hii, zimepangwa mistari kwa mistari, moshi ukifuka juu. Huyo mchoraji sikumjua, ila nimemfikiria maisha yangu yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka mahali pa kutundika koti, alikumbuka tundu la kupitisha moshi, akamkumbuka mume, mke na watoto wao. Hakukumbuka kwamba mke ana mama. Kwetu Usamia, na kwao Padhola vilevile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na kitanda cha mkwe mama mkwe hakioni kabisa. Wakiwa na neno wanaongea kwa kupitia mtu, au mmoja akiwa ndani na mwingine nje, ukuta katikati. Ndiyo heshima yenyewe. Katika boma lenye nyumba nne au tano jambo hili halimchoshi mtu, kwa sababu daima kuna nyumba nyingine ya kuingia. Pale kwa mafundi nyumba ilikuwa moja tu.

Nilimpenda shemeji yangu, hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alirudi kutoka kazini na nyuzi za pamba kwenye nywele na nyusi, akajifuta uani, akavaa shati safi ndipo aje mezani. Meza yenyewe ilikuwa imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua ya buluu, na viti vinne, na pembeni gramafoni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye. Alitaka sote tule pale kwa pamoja, mume, mke na mimi, kila mtu na sahani yake. Nyumbani nilizoea kula na wanawake jikoni, mkono kwenye sinia moja, na siku za mwanzo chakula kilinikwama kwa kuona haya. Baadaye nikazoea, kisha nikapenda. Nikajifunza uma. Nikajifunza kusema samahani kwa Kiingereza ninaponyoosha mkono kuchukua chumvi. Yeye alikuwa Mpadhola na dada Msamia, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha mpakani siku zote, na Jumapili, wali ukiwa mezani, Kiingereza kidogo cha kujionyesha.

Kila wiki, bila kukosa, alitusimulia habari za mjane wa Kizungu aliyempangisha chumba huko Uingereza. Aliitwa Edna. Alimwekea sahani ya chakula jikoni ipate moto, alimgombeza kwa kuvaa soksi zilizolowa, na siku ya kuondoka kwake akambusu shavuni mbele ya watu wote stesheni. Mama mzazi wa Ofwono alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Alilelewa na dada yake, huku na huku, na mtu wa kwanza kumsubiri na chakula usiku alikuwa yule mjane. Sasa nikiwa mzee naelewa kilichokuwa kinamsumbua. Wakati ule nilidhani ni hadithi tu za Ulaya.

Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, nikawasikia wakizungumza chumbani. Kuta zile zilikuwa nyembamba.

"Mama yako iko anakuja kukusaidia kuzaa," alisema Ofwono. "Sawa. Lakini atalala wapi?"

"Kwa jikoni ya Mama Ekisa. Tumeshaongea." Mama Ekisa alikuwa jirani yetu, mtu wa kabila la Wateso, mke wa fundi mwingine.

"Mimi nakula na mama ya Wazungu mwaka mzima, meza moja. Mama ya mke yangu mwenyewe, ile amenipa wewe, analala kwa jikoni ya watu. Hiyo ni heshima gani, Nafula?"

"Ni yetu," dada alisema. "Ngoja. Mama si mtu ya kuharakisha."

"Nangoja mpaka lini? Dunia imekwisha badilika."

Nami pale kwenye karai la vyombo nilikuwa upande wake. Niliona anasema kweli, na niliona aibu kidogo kwa ajili ya Mama kabla hata hajafika.

Mama alifika kwa basi kutoka Busia na kikapu cha unga wa wimbi, samaki wa kukaushwa, na vifurushi vya mizizi ambavyo hakutaka vifunguliwe na mtu. Alisimama nje ya ua, akauliza kwa sauti ya chini kama mkwe yupo. Nilipomwambia yuko kazini, ndipo akaingia, akaitazama sebule, akagusa gramafoni kwa ncha ya kidole, akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwonyesha mlango wa chumbani. Akaugeuzia mgongo, na kwa muda wote aliokaa pale hakuwahi kuukaribia. Ilibidi tumtandikie Nafula godoro sebuleni, chini ya dirisha, ili Mama aweze kumhudumia. Na ratiba ikajipanga yenyewe kwa king'ora cha kile kiwanda cha Wahindi. Asubuhi king'ora kililia, Ofwono akatoka kwa mlango wa mbele, na Mama akaingia kwa mlango wa nyuma akitokea kwa Mama Ekisa. Jioni kililia tena, Mama akakusanya vitu vyake, akatoka nyuma, na baada ya muda mfupi Ofwono akaingia mbele. Siku nzima Mama alikuwa ndani ya nyumba ile, akipika, akimkanda Nafula mgongo, akicheka, na hawakuonana hata mara moja. Mama Ekisa aliliona jambo hilo kuwa la kufurahisha mno. "Hii siren ya Wahindi inafanya kazi ya mshenga," alisema, na Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Ofwono hakucheka. Alikuwa anafika mlangoni na kusikia nyuma ya nyumba kicheko cha mwisho kikiishia, anaingia na kukuta kiti bado kina joto. Siku moja Mama aliacha kikombe mezani chenye chai nusu. Shemeji alisimama akikitazama, vumbi la pamba bado usoni, kisha akakiinua akanywa iliyobaki, polepole, mpaka ikaisha. Nafula alifumba macho. Kula masalio ya mama mkwe ni jambo ambalo kwetu mtu halifanyi hata akiwa mlevi. Hatukumwambia Mama. Nilikiosha kile kikombe mimi mwenyewe, mara mbili.

Mtoto alizaliwa mchana, Ofwono akiwa kazini, kwenye lile godoro chini ya dirisha, mikononi mwa Mama. Alikuwa msichana. Nilishika taulo na maji ya moto na kuogopa, lakini hakukuwa na sababu ya kuogopa, kila kitu kilikwenda salama. Tatizo pekee lilikuwa mahali pa kuzika kondo la nyuma, kwa kuwa ua wote ulikuwa saruji. Mama alizunguka nalo ndani ya majani ya mgomba, akikanyaga hapa na pale kutafuta udongo, mpaka Mama Ekisa akampa kona ya bustani yake ya mboga. Jioni ile Ofwono alimbeba mtoto akalia waziwazi mbele yetu. Akasema ataitwa Edna. Nafula alikuwa ameshamsikia Mama akilitaja jina la bibi yetu, na kwetu ni bibi ndiye anayetafuta jina, lakini alikuwa amechoka, akasema Edina, ndivyo tulivyolitamka, ni jina zuri, majina yote mawili yatamtosha. Mama alipopewa habari hiyo asubuhi alimwita mtoto kwa jina la bibi, na akaendelea kumwita hivyo. Hapo mimi bado nilikuwa naona mambo yanakwenda vizuri.

Siku chache baadaye, furaha ikiwa bado imemjaa, Ofwono aliomba ruhusa kazini akatoka kabla ya king'ora. Alipitia dukani barabara kuu akanunua gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, ya hariri ya kijani, ikafungwa kwenye karatasi. Alikuwa amesikia utotoni, kama sisi sote tulivyosikia, kwamba ipo namna ya kuivunja miiko hii pale inapokuwa mizito kuishi nayo: mkwe anampa mama mkwe nguo, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana. Hilo ni kweli. Lakini alilelewa bila mama, huku na huku, kisha shuleni, kisha kiwandani, kisha Uingereza, na alilijua jambo hilo kwa kipande. Alijua nguo. Hakujua, au alikuwa amesahau, kwamba nguo hiyo haitolewi na mkwe kwa mkono wake. Inapelekwa nyumbani kwa mama mkwe na wazee wa pande zote mbili, pamoja na mbuzi, inawekwa mbele yake akiwa amefunika kichwa, na maneno yanasemwa kwanza. Kumpa mkononi, chini ya paa lako, ni tusi ambalo hata jina halina.

Alikuja kwa mlango wa nyuma, ili Mama asipate pa kutokea. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya godoro anamkanda Nafula tumbo kwa maji ya moto. Kwa sababu ya joto alikuwa amevua kitambaa cha kichwa na kujifunga leso kifuani tu, mabega wazi. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto. Nilimwona shemeji mlangoni akitabasamu.

"Mama, usikimbie," alisema. "Mimi ni mtoto yako. Nimeleta nguo, ya kuondoa haya. Hii nyumba ni yako. Karibu."

Akainama akaushika mkono wa Mama, uliokuwa bado unachuruzika maji, akautikisa kwa mikono yake yote miwili kama alivyozoea kule. Mama hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa lile taulo la kukandia, akainuka, na kwa kuwa Ofwono alikuwa ameziba mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa mbele, barabarani, kichwa wazi, miguu mitupu, mbele ya nyumba zote za mafundi. Gomesi ilibaki kwenye karatasi yake sakafuni. Ofwono aliiokota, akauliza, "Nimefanya nini?" Nafula alikuwa amegeukia ukutani. "Umefunga mlango," alimwambia, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

Wakwe zangu, waume wa binti zangu, leo wananikumbatia. Mmoja yuko Nairobi, mmoja Doha, na wakija wananibana kifuani na kuniita Mama, nami nawaruhusu, kwa sababu ni vijana wazuri na hawajui. Kila mara mwili wangu unakakamaa. Binti zangu wanasema nina ubaridi.

Mama alijibanza jikoni kwa Mama Ekisa. Kwa imani yetu, mama mkwe aliyefikwa na jambo kama lile hawezi tena kumgusa mzazi wala kichanga mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe na maji ya majani yanyunyizwe. Akimgusa kabla ya hapo, ile aibu inapita kwenye mkono wake na kuingia kwenye damu ya mzazi, na mzazi anaweza kufa. Kwa hiyo alinituma kwa shemeji: atume mtu Busia kwa wazee, leo hii. Ofwono alikubali. Ila mashine mpya ilikuwa imegoma msimu ukiwa umepamba moto, pamba imerundikana mpaka uani, na kati ya watu wote wa kiwanda kile ni yeye tu aliyekuwa amesomeshwa mashine ile. Meneja hakumpa ruhusa. "Jumapili nakwenda mwenyewe," aliniambia. "Mwambie mama yako anisamehe mpaka Jumapili." Nadhani pia moyoni alitumaini kwamba kufikia Jumapili Mama atakuwa amezoea.

Homa ilianza kabla ya Jumapili. Kwanza Nafula alitetemeka, akasema ni baridi tu. Kisha maziwa yakapungua, na macho yake yakawa yanang'aa isivyo kawaida. Nikampelekea Mama habari. Alichukua kigoda cha Mama Ekisa akaja nacho mpaka nje ya nyumba yetu, akakaa chini ya dirisha la sebule, mgongo umeegemea ukuta. Ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo, ndiko lilikokuwa godoro. Kati ya migongo yao kulikuwa na tofali moja. Alikaa pale siku nzima na kesho yake pia. Alizungumza na Nafula kupitia dirishani, akamwimbia nyimbo za kubembelezea watoto, akamgombeza anywe uji. Na mimi niliyekuwa ndani alinifanya mikono yake.

"Bonyeza chini ya kitovu. Taratibu. Analia?"

"Analia, Mama."

"Tumbo laini au gumu?"

"Gumu. Na lina moto."

"Nguo aliyofungwa, inanuka?"

Nikainusa. "Inanuka."

Mama Ekisa alikuwa amesimama karibu na Mama hapo nje, na nilimsikia akisema kwa Kiswahili chake, "Mama, wewe ingia. Mkwe hayuko. Mungu haoni hiyo mambo ya nguo." Mama akamjibu kwamba si Mungu anayemwogopa, anaogopa mikono yake mwenyewe. Kisha akasema nami kwa Kisamia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: kimbia kiwandani, mkwe alete gari, aende hospitali sasa hivi.

Nilikimbia. Shemeji aliacha spana sakafuni pale alipokuwa, hakumwomba mtu ruhusa, akaja na lori la kubebea marobota ya pamba, dereva na yeye. Lakini tulipofika Nafula hakutaka kuinuliwa. Alikuwa ameshika ukuta kwa viganja vyote viwili, upande ule Mama alikokaa, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye chokaa. Alikuwa anasema jambo moja tu. "Mama, nishike. Unishike kwanza, halafu nitaenda."

Ofwono alitoka kwa mlango wa mbele, akasimama barabarani, akaongea kwa nguvu ili asikike nyuma ya nyumba. "Mama, mimi niko nje. Mimi naenda mbali. Ingia umshike, mama. Nakuomba." Alikuwa ametugeuzia mgongo na kufunika macho yake kwa mikono yote miwili, mtu mzima, fundi, mbele ya majirani.

Mama aliingia. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapiga magoti, akamwondoa Nafula ukutani na kumlaza kifuani kwake, akamfuta uso kwa kiganja. Nafula alitulia papo hapo. Tukajaribu kumwinua, Mama na mimi, tukashindwa, mwili ulikuwa mzito. Ndipo Mama akafanya jambo ambalo mama mkwe halifanyi. Alimwita kwa jina. "Ofwono," alisema, "njoo umshike miguu." Akaja. Walimbeba pamoja mpaka kwenye lori, Mama mabegani na yeye miguuni, wakitazamana usoni njia nzima, kwa kuwa ukimbeba mtu hivyo huna pengine pa kutazama. Nilikuwa nyuma yao na mtoto. Dada yangu alikufa kwenye lori, juu ya magunia matupu ya pamba, kabla hatujafika kwenye lami.

Tulimzika Nabuyoga, kwa mumewe, karibu na pale palipochimbwa kaburi la mwaka huu. Mtoto alichukuliwa na yule dada aliyemlea Ofwono, akalelewa vizuri, na Mama hakuwahi kumbeba tena. Baada ya mazishi shemeji alinifuata nilipokuwa nakusanya vyombo. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache. "Wewe ulikuwa ndani," aliniambia. "Mimi naona alikufa juu ya kuchelewa. Kama mama yako angeingia siku ya kwanza, akashika mtoto yake, akaona ugonjwa mapema. Ni kweli au si kweli?" Nilimwambia sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaenda zake. Aliishi miaka mingi sana baada ya hapo, akaoa tena, akawa na meza kubwa zaidi, na tulipokutana harusini na misibani tuliulizana hali tu.

Mama na mimi tulirudi Busia. Sikurudi tena Tororo, wala sikula tena kwa uma mpaka nilipokuwa mke wa mtu. Mama hakulia mbele yetu. Alifanya kazi zake, alilima, alikwenda sokoni, ila mikono yake alikuwa anaificha ndani ya leso hata mchana wa jua kali, na mtoto wa jirani akiletwa apakatwe alitafuta sababu ya kuinuka. Hakuna aliyehitaji kuniambia alichokuwa anafikiri. Aliingia bila kutakaswa, akamshika binti yake, na binti yake akafa akiwa bado na joto la mikono ile. Nilikuwa nimesoma kidogo, tulifundishwa shuleni habari za vijidudu na uchafu unaoingia kwenye damu ya mzazi, na kila usiku nilipanga jinsi ya kumweleza ili aache kujiadhibu.

Fursa ilikuja wakati wa mavuno. Tulikuwa uani, yeye anapepeta wimbi, mimi nachambua mawe. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Wewe ulikuwa ndani. Niambie kweli. Ni mikono yangu?"

"Si mikono yako, Mama," nilisema. Nilikuwa nimeyashika maneno yangu siku nyingi, yakatoka yote kwa mpigo. "Ni ugonjwa wa uzazi, una jina lake, una dawa yake. Ulikuwa umemwingia kabla. Ulipoingia wewe ulikuwa umeshamshinda. Hata usingemshika angekufa. Hukumuua."

Ungo ulisimama. Nilimwona akiyapokea maneno yangu moja moja, na uso wake ukalegea, na kwa muda mfupi nilifurahi, nikadhani nimemtua mzigo. Kisha akanitazama.

"Una dawa yake," alisema.

"Ndiyo, Mama. Hospitalini."

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza, nilipokaa pale ukutani naimba, ilikuwa bado mapema."

Aliuweka ungo chini, nafaka ikamwagika nusu, kuku wakaja, na hakuwafukuza.